Magunia Yamekunywa Maji Wapi?

Nimegombana na watu wengi maishani, na karibu wote nimewasamehe, wengine kwa sababu wametangulia mbele ya haki na ugomvi wa upande mmoja hauna utamu. Lakini yapo maneno mawili ambayo mpaka leo nikiyasikia mkono wangu hujikunja ngumi wenyewe: iko njiani. Mtu akiniambia chai iko njiani, nanyanyuka naondoka. Binti yangu alipochumbiwa, wazee wa upande wa pili walileta salamu kwamba ng'ombe wa mahari wako njiani, na nusura nivunje uchumba. Mke wangu ndiye aliyeiokoa ndoa ile kwa kunikanyaga mguu chini ya meza.

Chuki hiyo niliiokota Kinyangiri, miaka ile ya mwanzo ya vijiji vya ujamaa, nilipokuwa karani wa mazao wa kijiji. Nilichaguliwa kwa kuwa nilikuwa nimemaliza masomo ya jioni, kwenye darasa la watu wazima lililomulikwa na karabai moja iliyovuta wadudu wa wilaya nzima. Nilikuwa najua kuandika barua, kujumlisha, na Kiingereza cha kutosha kumtukana mtu asijue. Kijiji kikaona huyu ndiye. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha vitu vinavyotoka vinatoka, na vinavyoingia vinaingia.

Kilichotakiwa kutoka mwaka ule ni karanga. Tulikuwa tumelima shamba la pamoja kwa mara ya kwanza, na Mwenyezi Mungu, kama vile alitaka kutuona tutafanya nini, akatupa karanga ambazo ungezimwaga ungeziba mto. Zilikuwa ziende Dar es Salaam, zipande meli, zikaliwe na watu ambao hatukuwajua. Na kilichotakiwa kuingia ni magunia ya kuzitilia. Magunia yalitoka nje ya nchi, yakaja kwa meli, kisha kwa treni hadi Manyoni, kisha kwa lori. Bila gunia hakuna karani wa mahali popote atakayeipokea karanga yako. Ni chakula cha kuku tu.

Ghala la kijiji lilikuwa na kuta lakini halikuwa na paa. Bati nazo zilikuwa njiani. Ndipo mwenyekiti wa kijiji akamwendea shangazi yangu.

Shangazi alikuwa dada mkubwa wa marehemu baba, mjane, mwenye sauti ambayo ng'ombe wa vijiji vitatu waliitii. Tembe lake lilikuwa kubwa kuliko yote, kwa sababu enzi za mumewe ndama walilala ndani. Lilikuwa sehemu ya Kinyangiri tunayoiita Stesheni, hatua chache kutoka barabarani. Mwenyekiti akamwomba karanga zikae humo kwa muda mfupi tu, mpaka magunia yafike. Shangazi akakubali mbele ya mkutano, kwa sharti moja. Magunia yaletwe pale pale mlangoni kwake, yasipelekwe upande wa pili wa kijiji ambako, alisema, vitu vina tabia ya kupotea. "Waandikie vizuri," aliniambia, kidole usoni. "Kinyangiri Stesheni. Usiandike Kinyangiri tu, wataleta kwa wezi." Mkutano ukapiga makofi. Nikaandika Kinyangiri Stesheni kwenye barua ya kuagiza magunia, kwa mwandiko wa kujivunia.

Karanga zikaingia. Ziliingia mpaka zikajaa chumba cha ndama, zikajaa chumba cha mbele, zikafika kitandani kwa shangazi. Akahamia kwenye kijumba cha kupikia, yeye na jiko na mbuzi mmoja. Ilikuwa kiangazi, akasema si kitu, ni kwa muda mfupi.

Nikaenda Singida mjini kwa ofisa wa mazao, kuuliza magunia. Alikuwa kijana wa umri wangu aliyevaa suruali iliyopigwa pasi mpaka mkunjo wake ungeweza kuchinja kuku. Alikuwa na simu mezani, ambayo sikumwona akiigusa hata siku moja, nadhani aliiogopa. Akanijibu bila kuinua macho kwamba magunia yametoka Dar, yako njiani. Nikarudi Kinyangiri nikatangaza: yako njiani. Watu wakafurahi. Wiki zikapita, nikaenda tena, nikajibiwa yale yale. Nikarudi, nikatangaza yale yale. Safari ya kwanza walinipikia ugali. Safari iliyofuata waliniachia maji. Baadaye hata mbwa hawakunibwekea, walinitazama tu kwa dharau.

Sasa lazima nieleze jambo moja la kwetu. Ng'ombe wakipelekwa mnada wa mbali, mwenye mali hakai nyumbani akisema wako njiani. Mswagaji, kila anapowanywesha, anaacha habari kwa watu wa kisima kile: wamepita, yule mwekundu anachechemea, wameelekea huku. Wapita njia wanaokuja upande wetu wanaibeba habari hiyo kama wanavyobeba chumvi. Basi mwenye ng'ombe yuko barazani kwake, lakini anajua. Na wewe ukitaka kumjulia hali humuulizi wako wapi. Unauliza wamekunywa maji wapi. Akishindwa kujibu, ujue ama ni mzembe ama ng'ombe si wake.

Siku moja nilipita kwa shangazi, nikainama nikamwamkia, shikamoo shangazi. Mtu asiyejua kwetu hataelewa uzito wa kilichofuata. Hakuitikia marahaba. Aliendelea kupepeta mtama kama vile ameamkiwa na upepo, kisha akauliza, "Magunia yamekunywa maji wapi?"

Nikasema, shangazi, magunia si ng'ombe.

"Na wewe si mchungaji. Kumbe ulikwenda kusoma usiku kwa sababu mchana ungeonekana huna akili."

Watu wawili watatu waliokuwa wanapita wakacheka kwa nguvu. Kufikia jioni kijiji kizima kilikuwa na swali hilo mdomoni. Kilabuni kwenye pombe mtu ananisogezea kata: karani, kunywa maji, au wewe mpaka magunia yanywe kwanza? Wakanibatiza Bwana Njiani. Wengine walisema nimeyauza magunia, wengine kwamba nimeyashonea suruali za ukoo mzima. Mwenyekiti aliyenipigia debe nichaguliwe alianza kunipita kwa mbali kama mtu anayekwepa mdai. Na shangazi, kiangazi chote kile, hakunipa marahaba. Nilimwamkia asubuhi, nikamwamkia jioni, nikamwamkia kanisani mbele ya padri. Alinijibu kwa swali lile lile, na mara nyingine kwa Kinyiramba, maneno ambayo sitayatafsiri kwa kuwa naheshimu wasomaji.

Nilimchukia. Naliandika hili wazi kwa sababu nimeshazeeka. Nilimchukia kwa kuwa sikuwa na jibu, na nilimchukia ofisa wa suruali kwa kuwa alinituma nirudi na neno tupu. Tungeambiwa magunia yamekwama, tungejua la kufanya. Kwetu watu hodari wa kubandua magome ya miti na kushona vilindo vya kuhifadhia nafaka hawakuwa haba. Wangeshona vilindo kiangazi kizima, karanga zikatoka ndani ya nyumba ya mwanamke wa watu. Lakini nani abandue gome la mti wakati magunia yako njiani? Habari mbaya ingetupa kazi. Habari nzuri isiyo na miguu ilitukalisha chini tukatukanana.

Kisha mawingu yakaanza kujipanga upande wa mashariki. Tembe, kwa msiojua, lina paa bapa la udongo juu ya miti. Kila mwaka kabla ya mvua lazima upande juu ukalitie udongo mpya. Lakini kuta za shangazi zilikuwa zimeanza kutoa matumbo kwa kusukumwa na karanga, na hakuna fundi aliyekubali kupanda. Mtu akipanda, walisema, atazikwa na mapato ya taifa. Shangazi akaita mkutano mwenyewe, bila mwenyekiti. Akasema siku ya mnada unaokuja, kama magunia hayajafika, atazitoa karanga zote nje, mvua izile, mchwa wazile, kisha atapandisha udongo juu ya paa lake aingie alale. Nyumba aliyojengewa na mumewe haitamwangukia kwa ajili ya Bwana Njiani.

Hapakuwa na mtu wa kumpinga. Kilichokuwa kinaoza mle ndani ni jasho la kijiji kizima, lakini kuta zilikuwa zake.

Nikapanda lori kwenda Singida. Ofisa akaniuliza nani kaniambia nije tena. Nikamuuliza magunia yamekunywa maji wapi. Akafikiri namtukana, akasimama. Nikamweleza: yalionekana mara ya mwisho wapi, na nani, yakielekea wapi. Akasema kazi yake ni kupokea kikifika, kisichofika hakimhusu, na kwamba matatizo ya nchi hii yalianza pale walipowapa watu wa masomo ya jioni kalamu. Nikamjibu kwa kile Kiingereza changu. Bahati mbaya yeye alikijua. Nilitoka pale nikisindikizwa na tarishi mpaka barabarani.

Sikurudi nyumbani. Nikadandia lori jingine mpaka Manyoni.

Bohari la mizigo la stesheni lilikuwa na karani aliyetoka pwani, kijana wa maneno laini, kila neno limepakwa mafuta. Nilipomwambia natafuta magunia ya Kinyangiri, akatabasamu akasema yapo, yapo muda mrefu sana. Akanipeleka nyuma kabisa, nyuma ya mapipa na majembe, na pale yalikuwepo, marobota yamepangwa safi kama maiti za vita, panya wameshaanzisha kijiji chao cha ujamaa juu. Kila robota lilikuwa na rangi nyeusi ubavuni: KINYANGIRI STESHENI.

"Kwa nini hayajaletwa?" nikauliza.

"Yanasubiri treni."

"Treni ipi?"

"Treni ya Kinyangiri. Mzigo wa stesheni hupakiwa kwenye treni, bwana. Haijaja tangu nimefika hapa." Akanitazama kwa huruma ya kejeli. "Wewe si wa huko? Hebu tuambie wewe, huwa inakuja lini?"

Hapo ndipo kosa lilipokuwa. Zamani za Mwingereza ilikuwapo reli iliyotoka hapo Manyoni, ikapita Singida, ikaishia kwetu. Mwingereza huyo huyo aliyeijenga akaing'oa, akaondoka na vyuma vyake. Misumari aliyoisahau imekuwa mashoka na majembe. Mahali ilipoishia leo ni gulio na mbuzi. Lakini jina lilikuwa limekaa, na kwetu hakuna mtoto asiyejua Stesheni ni pale kwa shangazi. Dereva yeyote wa lori angejua. Mtu wa Dar hakujua. Alisoma stesheni akapeleka kwenye reli. Mtu wa reli alisoma stesheni akasubiri treni. Ofisa wa Singida alisikia yametoka, akasema yako njiani. Kila mmoja alikishika kipande chake cha njia kwa uaminifu kabisa, na hakuna aliyemuuliza wa mbele yake kama mzigo umepokelewa. Magunia yalikuwa njiani kweli. Njia ndiyo haikuwepo.

Nilicheka mpaka karani akaudhika. Kisha tukaanza kupigana kwa maneno. Alisema hawezi kuutoa mzigo wa treni kwa lori. Nilimwambia reli hiyo tunalimia. Alisema Kiswahili changu kina mawe. Nilimwambia chake kimeiva mpaka kinanuka. Nikapanda juu ya marobota nikakaa, nikamwambia nami nasubiri treni, na aniletee chakula. Mwishowe akaenda kumwita stesheni masta, mzee aliyekuja akiwa na hasira tayari, na alipoona ile rangi nyeusi hasira ikaongezeka. Ujanani mwake alikuwa kwenye genge la kung'oa reli hiyo hiyo. Akamfokea karani kwamba anamngojea maiti atoke kaburini, kisha akanigeukia mimi. "Na nyinyi! Reli tuliwang'olea, stesheni mnaing'ang'ania ya nini?" Akaamuru nichukue marobota yangu nimwondokee.

Lori la mfanyabiashara mmoja wa Singida lilikuwa linarudi tupu. Dereva wake alikuwa mtu asiyependa abiria, wala mizigo, wala barabara, lakini akakubali. Tulipofika Ikungi, wakati anatia maji kwenye rejeta, nilimwona utingo wa basi lililokuwa linatutangulia. Nikamkimbilia, nikamwambia aache habari kila anaposimama, mpaka neno lifike Kinyangiri: magunia yamekunywa maji Ikungi. Dereva akaniuliza kama nina wazimu. Nikamwambia ndiyo, wa kutosha sote wawili.

Tulipofika Mandewa, tairi likapasuka. Dereva akashuka, akalizunguka, akalipiga teke, akakaa kivulini. Nikamuuliza tutafanyaje. Akasema amemtuma mtu mjini kuleta kiraka. Kiko njiani.

Nilikaribia kumuua. Nasema kweli, spana ilikuwa mkononi. Kilichomwokoa ni mwendesha baiskeli aliyekuwa anakaza mzigo wa chumvi, mtu wa upande wetu, anayepitia Iguguno kwenda Kinyangiri. Mnada ulikuwa kesho yake. Nikamwendea nikamwambia akifika aende moja kwa moja kwa shangazi, amwambie magunia yako Mandewa, tairi limepasuka, tunatafuta kiraka, hatutafika mapema.

Dereva akainua kichwa. "Mwambie tunakuja, inatosha. Pancha ya nini kumwambia mwanamke mwenye hasira?"

Nikamwambia mwenye baiskeli arudie yote, na pancha isikosekane. Kiangazi kizima nilikuwa nimempelekea shangazi habari nzuri. Sikuwa na kitu kingine ambacho hajakitemea mate.

Yaliyotokea Kinyangiri niliyasikia baadaye kwa mwenyekiti. Asubuhi ya mnada mawingu yalikuwa meusi kama sufuria, na shangazi alikuwa ameshaanza. Vikapu kadhaa vya karanga vilikuwa vimemwagwa uani, mbuzi wake anakula mali ya umma bila aibu. Watu wamesimama, wengine wanamtukana, wengine wanamsaidia kubeba, wanaume wawili wameshikana mashati juu ya kosa la nani. Mwenye baiskeli akafika, akashuka, akaitoa habari yake. Watu wakazomea. Ni yale yale, ni njiani. Shangazi akanyanyua mkono, kikapu bado kichwani.

"Rudia hiyo ya tairi," alisema.

Akarudia. Tairi la nyuma, Mandewa, kiraka kimeagizwa mjini, dereva amekaa kivulini.

"Mwongo hasemi pancha," akasema shangazi. Akashusha kikapu. Na sauti ile ya ng'ombe ikawaamuru waliozitoa karanga wazirudishe, na waliokuwa wanazomea wakatafute sindano na kamba za kushonea midomo ya magunia, ili lori likifika lisisubiri mtu.

Tulifika siku iliyofuata, mvua ikitufuata nyuma kama mbwa. Watu walikuwa wamejipanga tayari, mkono kwa mkono toka kitandani kwa shangazi mpaka barabarani. Sijapata kuona magunia yakijaa vile. Nadhani mengine yalijaa kabla hayajafunguliwa. Turubai lilifungwa juu ya lori wakati matone ya kwanza yanaanguka. Karanga zilipona, karibu zote ukiondoa za mbuzi. Nilimsomea dereva masharti ya safari ya kurudi kama sala: kila anaponywesha rejeta, aache neno. Ofisa wa Singida alikasirika sana baadaye kusikia kijiji kinajua karanga zimefika Manyoni kabla yake. Aliniita ofisini kunifokea. Nilikwenda kwa furaha.

Shangazi aliitikia marahaba siku ile. Alimwitikia dereva.

Mimi nilikuwa nimengoja. Mbele ya watu wote nikaeleza magunia yalikokuwa, na kwa nini, na ni nani aliyenisimamishia kidole usoni akataka niandike Stesheni. Shangazi alikuwa amesimama mlangoni kwake, akitazama ndani ya nyumba iliyokuwa tupu kwa mara ya kwanza tangu mavuno.

"Stesheni ipo," alisema. "Umesimama juu yake. Kilichokosekana ni treni, na treni siyo kazi yangu."

Usiku huo mvua ilishuka kwa nguvu, na kona moja ya tembe, ambayo haikupata udongo kwa sababu yetu, ikaanguka. Yeye alikuwa angali jikoni na mbuzi. Kulipokucha hakuniita. Nilijileta, na hakunikaribisha. Nikapanda juu nikaanza kupanga miti. Alisimama chini siku nzima akikosoa kila mti, kwamba huu umepinda kama akili yangu, kwamba baba yangu naye hakujua kujenga. Nilimjibu, na majirani walitoka nje kutusikiliza kama redio.

Alasiri miti ikaisha, ukabaki udongo. Tulikuwa tumempeleka punda kwenye bonde kuuleta.

"Udongo uko wapi?" akauliza kutoka chini.

Nilifungua mdomo. Majirani wote walikuwa wananitazama, na neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Nikalimeza. Nikasimama juu ya ukuta, nikakinga jua kwa mkono, nikatazama mpaka nikamwona punda.

"Umevuka kisima," nikasema. "Umefika kwenye mgunga. Punda amelala chini, amegoma."

Shangazi akaokota fimbo yake akanirushia juu kule.

"Basi nenda kampige."